Sauti ya Mwanamke Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Kuna lawama ambayo waimbaji wa kike wa nyimbo za injili wamezoea kuibeba watokapo studio: sauti yao "inachoma". Wimbo ukichezwa redioni, au ndani ya matatu inayoteremka kutoka Nyeri kwenda Nairobi, kila s inapiga mluzi, na kiitikio kinapopanda msikilizaji ananyoosha mkono kupunguza sauti. Mwimbaji huambiwa apunguze makali, asogee nyuma, asitoe pumzi zote. Mara chache huulizwa swali lililopaswa kutangulia: iliwekwa maiki gani mbele yake, kwa umbali gani, ndani ya chumba cha namna gani? Ninashikilia kwamba makali hayo mara nyingi hununuliwa dukani. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Othaya hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, ule mng'ao ambao wenye studio huuita "usafi wa sauti" na kuulipia pesa nzuri ndio unaoiumiza sauti ya kike. Maiki ya bei ya kawaida isiyong'aa sana, ikisogezwa karibu na kinywa, humtendea mwimbaji huyo haki zaidi.

Lawama yenyewe ni kongwe kuliko studio zetu. Kabla ya mwaka 1925 santuri zilirekodiwa kwa pembe kubwa bila umeme. Mwimbaji aliimbia ndani ya pembe, na mtikisiko wa hewa peke yake ndio uliosukuma sindano ichore nta. Pembe ile haikupokea cha maana juu ya takriban hezi 2,500, kwa hiyo sauti za wanawake zilitoka kama zinaimbwa nyuma ya mlango. Umeme na maikrofoni vikasogeza mpaka huo hadi karibu hezi 6,000. Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, alifika wakati wa heri, kwani teknolojia iliyoweza kuibeba sauti yake ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Redio nayo ikaja na mpaka wake. Nchini Marekani kituo cha masafa ya kati kilipewa nafasi ya hezi 10,000 hewani, ambayo inabeba sauti hadi hezi 5,000 pekee, na s ya mwanamke huwa na nguvu zake nyingi juu ya hapo. Wasikilizaji wa miaka ya 1920 wakalalamika kwamba watangazaji wa kike wanakera na hawaeleweki. Mtambo ulikuwa umewakata konsonanti, lawama ikaandikwa jina la koo lao.

Huku kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Kwa miaka mingi nyimbo za Kikuyu zilisikilizwa kwa redio za masafa ya kati na santuri zilizochakaa, vyombo ambavyo vyenyewe vilimeza sauti za juu. Santuri za Joseph Kamaru alizoimba na dada yake Catherine Muthoni, na baadaye kazi za Queen Jane wa Murang'a aliyefariki mwaka 2010, zilitua masikioni kwa ulaini uliotokana kwa sehemu na upungufu huo. Kisha redio ya Kameme FM ikaanza mwaka 2000, Inooro ikafuata, na masafa ya FM yakafungua mlango hadi hezi 15,000. Zaidi ya hayo, kituo cha FM huinua sauti za juu kabla ya kuzirusha, na redio ya msikilizaji huzishusha tena, ili kufunika mchakacho wa hewani. S kali inapoingia kwenye mtambo huo, kidhibiti cha kituo hulazimika kubana, na wimbo husikika ukinywea nukta hiyohiyo. Kwa hiyo kosa dogo la maiki, ambalo redio ya zamani ingelificha, sasa linafika jikoni Mukurwe-ini likiwa limenona.

Tuangalie sikio lenyewe na maiki zenyewe. Sauti ya mwanamke anayeimba huanzia takriban hezi 170 na kupanda hadi karibu 1,000, na juu ya kila noti huja safu ya vivuli vyake, mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti hiyo. Sikio la binadamu lina wepesi mkubwa kati ya hezi 2,000 na 5,000, na hapo ndipo vivuli vya mwanamke anayeimba kwa nguvu hujazana. Sasa chukua Shure SM58, maiki ya dainamiki ya jukwaani inayojulikana kuliko zote, iliyotoka mwaka 1966 na kuuzwa kwa karibu dola 100. Mchoro wake unaonyesha inapokea kuanzia hezi 50 hadi 15,000, na ina mwinuko kuanzia hezi 4,000 hivi kuendelea. Mwinuko huo humsaidia mwenye sauti nzito kupenya gitaa na ngoma. Kwa mwanamke mwenye sauti ya kifua unaweza kuwa chumvi juu ya chumvi, lakini angalau juu kabisa huteremka. Maiki nyingi za bei nafuu za aina ya kondensa, zile zinazodai umeme kutoka kwenye mtambo, hufanya kinyume: huendelea kuinuka kati ya hezi 8,000 na 12,000, yaani hasa pale s ya mwanamke inapokaa. Mnunuzi akiijaribu dukani kwa kusema "haloo, haloo", husikia kitu kinachometameta na kuamini amepata studio ya Nairobi kwa bei ya Karatina. Zile za aina ya BM-800 zinazouzwa pamoja na mkono wake na sponji yake huwa na kapsuli, yaani sehemu inayopokea sauti, ndogo kama kifungo cha shati ndani ya ganda kubwa. Ukubwa wa ganda hauongezi chochote.

Lugha inayoimbwa nayo ina neno hapa, na nashangaa halizungumzwi. Kikuyu hakina p ya asili, na s yake ni ya kuazima, kama katika jina Jesũ. Herufi c ndiyo inayofuka, nayo hutamkwa karibu na sh, ndiyo maana cũcũ, yaani bibi, hata nje ya Kikuyu huitwa shosho. Th yake ni laini kama dh ya dhahabu. Mwimbaji yuleyule akigeukia Kiswahili anakutana na msalaba, sifa, asante, Pasaka na pendo, na akiingiza Kiingereza anapata maneno yanayojaa s na p kila upande. Maiki iliyopimwa kwa wimbo wa Kikuyu na kuonekana njema inaweza kuharibu albamu ya Kiswahili ya mwimbaji huyohuyo wiki inayofuata. Upande wa pili wa mizani kuna irabu. Kikuyu kina saba, na tofauti kati ya e na ĩ, au kati ya o na ũ, hutegemea kwa kiasi kikubwa nguvu iliyoko kati ya hezi 300 na 700. Eneo hilo likijaa ukungu, maneno hugongana. Na mwanamke akipanda juu ya hezi 500 hivi, noti yenyewe inapita mahali ambapo baadhi ya irabu hizo hutambulikana, kiasi kwamba hata mzungumzaji mzaliwa wa Tetu hulazimika kukisia neno kwa muktadha. Kwa Kikuyu basi, unadhifu wa katikati una thamani kuliko mng'ao wa juu, na wenye studio wamekuwa wakinunua kisichohitajika.

Ukungu wa katikati unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa unatoka chumbani. Chumba cha kupanga kilichozoeleka katika miji hii ni cha futi kumi kwa kumi, na studio nyingi ndogo zimezaliwa humo, mara nyingi ghorofani juu ya duka au chini ya paa la mabati. Hesabu yake ni rahisi. Futi kumi ni mita 3.05, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zinazotazamana hukoleza sauti ya hezi 56 na marudufu yake, yaani 112, 169 na 225. Kwa kuwa chumba ni mraba, jozi ya pili ya kuta hukoleza sauti zilezile. Hizo mbili za mwisho zinaangukia sehemu ya chini ya sauti ya mwanamke, pale ubeti unapoanza kwa upole kabla ya kiitikio. Noti moja inavuma, ya jirani inazama, na mwimbaji huambiwa hana usawa. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazigusi masafa hayo hata kidogo. Hutawanya kiasi cha sauti za juu, basi. Kinachosaidia ni unene na uzito: godoro lililosimamishwa, blanketi mbili zilizoachiwa nafasi kutoka ukutani, kabati la nguo lililoachwa wazi. Sufu nayo ni mnyonyaji mzuri wa sauti, na Nanyuki kuna wanawake ambao wamekuwa wakiisokota na kuifuma kuwa mazulia tangu miaka ya 1970. Zulia zito la sufu nyuma ya mgongo wa mwimbaji, na jingine juu ya kichwa chake, litafanya mengi kuliko kupanda daraja moja la bei ya maiki.

Hapa niweke sawa imani moja inayopendwa na wale wanaonikubalia. Husemwa kwamba maiki ya dainamiki "haisikii" mvua wala bodaboda. Inasikia. Ukiziweka dainamiki na kondensa kwa umbali uleule, zikiwa na umbo moja la kupokea, na ukasawazisha nguvu ya sauti ya mwimbaji, mvua ya Aprili juu ya mabati itaingia kote kwa kiwango kisichotofautiana sana. Ubora wa dainamiki uko katika kukubali kusogelewa. Mwimbaji anaweza kukaa umbali wa vidole vinne bila maiki kuzidiwa na bila mng'ao kugeuka sindano. Kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda desibeli 6 huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Kutoka sentimita 30 hadi sentimita 8 ni kama kumhamisha mwimbaji kwenye chumba kingine. Na ukaribu huo huongeza besi, jambo ambalo kwa mwanaume mwenye sauti nzito huleta mngurumo, ila kwa mwanamke hujaza palepale ambapo kondensa ya mbali humwacha mwembamba.

Ushahidi ninaousikia mara nyingi dhidi ya hoja hii ni wa kulinganisha: "Tulizichomeka zote mbili, kondensa ikashinda waziwazi." Ulinganisho huo una dosari. Kwa sauti ileile, SM58 hutoa takriban milivolti 1.85, na Rode NT1-A hutoa takriban 25, zaidi ya mara kumi. Fundi akichomoa moja na kuchomeka nyingine bila kurekebisha kiasi, kondensa inakuja na kishindo, na sikio lina tabia ya kukiita kilicho na nguvu zaidi kuwa kizuri zaidi, hata kama tofauti ni ya desibeli moja. Mashindano ya namna hiyo hupima kelele. Sawazisha nguvu kwanza, kwa kipimo na wala si kwa kubahatisha, kisha sikiliza tena; mara nyingi ushindi ule wa waziwazi unakuwa mjadala.

Pingamizi la pili ni zito na ninaliheshimu. Studio kubwa za dunia hurekodi wanawake kwa kondensa: Neumann U87, ambayo imekuwapo tangu 1967, AKG C414, na nyingine zinazouzwa kwa bei ya gari kuukuu. Je, wote hao wamekosea? Hapana. Wanarekodi ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya ukimya, na kondensa nzuri haina ule mwinuko wa ovyo wa kondensa rahisi. Billie Eilish alirekodi albamu yake ya mwaka 2019 chumbani nyumbani kwao Los Angeles, kwa Neumann TLM 103, na mwaka uliofuata ikampa Grammy. Watu hutaja mfano huo kuonyesha kwamba studio si lazima. Mimi nauona kama mfano wa chumba cha kulala chenye kitanda na nguo, na wa mwimbaji anayenong'ona. Sauti ya kunong'ona ndiyo hasa mahali ambapo nakubali kushindwa. Mwanamke anayeimba taratibu, karibu na kusema, huifichua dainamiki: fundi hulazimika kuiongeza nguvu hadi mtambo wenyewe uanze kuvuma. SM7B ya Shure, ambayo wengi huipenda kwa ulaini wake, hudai nyongeza ya desibeli 60 hivi, na mitambo ya bei ya chini haina pumzi hiyo. Kwa sauti kama hiyo, NT1-A ambayo kelele yake ya ndani ni desibeli 5 tu, ikizungukwa na blanketi, ni chaguo la haki. Maiki ya riboni ingekuwa laini kuliko zote, ila husikia nyuma sawa na mbele, na chumba cha futi kumi kitaiumbua.

Wengine husema: acheni kubishana, ikolaiza ipo. Ni kweli kwamba mwinuko wa maiki unaweza kushushwa kwenye kompyuta. Lakini uchakataji huo haujui tofauti kati ya s ya mwimbaji na mwangwi wake uliogonga ukuta na kurudi, na kifaa cha kubana s, kikitumiwa kwa nguvu, hula pia c ya Kikuyu na kumfanya mwimbaji asikike kama ana kithembe. Kuiongezea dainamiki mwanga kidogo juu ni kazi rahisi mradi haikurekodiwa na mavumi. Kuondoa mwanga uliokwisha kuungua ni kazi ya kuficha kovu. Na wale wanaosema msikilizaji ana simu tu, kwa hiyo haya yote ni anasa, wanasahau simu ni nini: spika ndogo isiyo na besi, ambayo nguvu zake zimekusanyika palepale kwenye hezi elfu mbili hadi tano. Maiki ikiinua hapo na simu ikainua hapo, mwanamke anaadhibiwa mara mbili.

Yupo pia atakayeuliza kwa nini tuzungumze juu ya wanawake, wakati kila koo lina umbo lake. Nakubali kwamba mwanamke wa sauti ya chini anaweza kufanana na mwimbaji wa teno kuliko anavyofanana na soprano wa kwaya yake, na sijaona maiki inayostahili kuuzwa kama "ya wanawake". Nazungumza juu ya wanawake kwa sababu mazoea ya studio hizi yamejengwa juu ya mwanaume. Mugithi, muziki wa Kikuyu wa mtu mmoja na gitaa lake, umekuwa kazi ya wanaume kwa wingi. Fundi aliyeshinda mwezi mzima akiwarekodi hao ana mpangilio uliokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta: kata chini, inua juu, mwimbaji asimame pale kwenye alama. Mwanamke akiingia na wimbo wake wa injili anavishwa koti hilohilo, na analipia saa zilezile.

Hali ya hewa nayo isisahaulike. Nyeri iko juu, na mwezi wa Julai ukungu hushinda mjini. Pumzi ya joto ya mwimbaji inapogonga kapsuli ya kondensa iliyolala kwenye baridi, unyevu hutua juu ya utando wake na maiki huanza kutatarika kama mafuta ya kukaangia. Dainamiki haijali sana. Mwenye kondensa na aitunze ndani ya kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu, aitoe mapema ipate joto la chumba, na aweke kichujio cha pumzi hata kama wimbo hauna p moja. Kondensa pia hudai umeme wa volti 48 kutoka kwenye mtambo, na mtambo unaotegemea kompyuta ya mkononi yenye betri iliyochoka hutoa volti hizo kwa kusuasua stima zikipotea.

Kilichobaki ni namna ya kuchagua, na hapo ningependa mwimbaji mwenyewe apewe nafasi. Aimbe ubeti uleule mara tatu: dainamiki kwa vidole vinne, dainamiki ileile ikiwa imeinamishwa kidogo pembeni ili s ipite kando, kisha kondensa kwa shubiri moja huku zulia likiwa nyuma yake. Ubeti uwe wa lugha ya wimbo unaorekodiwa, na uwe na sehemu ya chini na ya juu, kwa maana maiki inayopendeza chini inaweza kusaliti juu. Fundi asawazishe nguvu, ayape mafaili majina ya A, B na C, na asiseme ipi ni ipi. Yasikilizwe kwa spika za studio, kisha kwa simu, kisha, ikiwezekana, ndani ya gari lililoegeshwa nje. Kazi yote haifiki nusu saa. Herufi itakayochaguliwa iandikwe kwenye jina la faili la wimbo, pamoja na aina ya maiki, umbali kwa sentimita na mahali mwimbaji aliposimama, ili atakaporudi mwakani kuongeza ubeti mmoja, Aprili huku mvua ikipiga mabati, asianze upya kuambiwa kwamba sauti yake inachoma.